Kaburi la Diwani Halina Kitu

Admin, jina langu naomba liishie kwako, maana mume wangu naye yumo kwenye ukurasa huu na hupenda kusoma visa vya wenzake huku akicheka.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mkulima wa kahawa na migomba huku Karagwe, upande wa Igurwa. Nimeolewa, nina watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi, nimwite Anitha ingawa si jina lake. Ninachoandika mtaona ni habari ya mbwa, na wengine mtaniambia niache utoto. Someni kwanza mpaka mwisho.

Mbwa wetu aliitwa Diwani. Jina alipewa na majirani kwa sababu alizunguka vitongoji vyote kuliko diwani mwenyewe. Msiba ukitokea, yupo. Harusi, yupo. Aliwahi kufuata bodaboda hadi mnadani Ihanda, akarudi kesho yake na utumbo mdomoni. Akiwaona wafugaji wanaswaga ng'ombe kwenda mbugani aliungana nao, siku tatu hatumwoni, kisha anarudi amejaa kupe na kulala mlangoni kwa Anitha kama mtu aliyetoka kazini. Walizaliwa mwaka mmoja. Mtoto alijifunza kusimama kwa kumshika masikio.

Mwaka juzi alirudi safari amechoka vibaya, akajilaza kwenye turubai la kahawa, hakuamka. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Anitha alilia mpaka sauti ikakauka, akamwomba baba yake amzike pale njia ya kwetu inapokutana na barabara, kwa kuwa ndipo Diwani alipoanzia safari zake zote. Mume wangu akasema, "Nendeni kanisani, nitamzika mimi." Tuliporudi tulikuta tuta la udongo na mawe yamepangwa vizuri. Anitha akapanda maua. Tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani anapiga magoti pale, na baba yake anasimama nyuma yake amevua kofia. Ikumbukeni hiyo kofia.

Mwezi uliopita Anitha alipata komunyo ya kwanza. Tulichinja mbuzi, na mume wangu akakata mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani, wanaume wawili waliubeba kwa mti. Ndizi zile kila mgeni alizisifia. Anitha alikula sahani mbili, mimi nilikula, hata katekista alikula. Wazee walipokolea rubisi, pombe yetu ya ndizi, mmoja akamuuliza mume wangu anapata wapi samadi na hana ng'ombe. Akacheka, akasema, "Mnamkumbuka Diwani? Shimo la mgomba lilikuwa tayari, nikamtumbukiza humo. Leo mmemla." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la kunawia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika. Nashukuru Mungu watoto walikuwa mbali wanacheza.

Najua mgomba unakula samadi, na mzoga kwenye shimo la mgomba si jambo geni huku kwetu. Angeniambia siku ile ile ningenuna wiki moja yakaisha. Kinachonitia kinyaa ni lile tuta. Mtu ameona uvivu kuchimba kaburi, lakini hakuona uvivu kukusanya mawe na kuyapanga. Amevua kofia kila Jumapili mbele ya udongo mtupu, mtoto wake akiwa amepiga magoti. Siku hizi akinishika mkono nakwenda kunawa. Siku ile wageni walipoondoka nilimuuliza, akanijibu, "Mama Anitha, kule barabarani ni mawe matupu, ningechimba mpaka jioni. Mbwa ni mbwa." Mama mkwe naye akadakia, "Waitu mwanangu, mkungu umeshiba, unalia nini?" Anaomba chipukizi la mgomba ule ule akapande kwake.

Hayo yote ningeyameza. Lakini wiki hii wamekuja watu wa barabara wakapigilia vigingi, na tuta letu limeangukia ndani ya vigingi. Anitha akamfuata baba yake mwenyewe. "Baba, Jumamosi tumchimbue Diwani tumlete nyumbani, greda lisije likampitia. Mifupa tu, siogopi." Baba akamjibu, "Sawa mwanangu," bila kupepesa macho. Mtoto alipotoka akanigeukia mimi, akaniambia niokote mifupa ya mbuzi wa komunyo, nimpe akaifukie pale Anitha akiwa shuleni. Mifupa hiyo imejaa nyuma ya jiko, kwa sababu tangu Diwani afe hatuna mbwa wa kuitafuna.

Nilimwambia ananichefua. Akasema, "Basi mwambie wewe kwamba alimla mbwa wake siku ya komunyo." Akachukua panga lake akaenda kupogolea kahawa, anapiga mluzi.

Ndugu zangu, hapo ndipo aliponishika. Nikinyamaza, mwanangu atalilia mbavu za mbuzi, na mimi nitasimama pembeni kama yule wa kofia. Nikisema, atajua alichokula siku aliyovaa gauni jeupe, na atajua baba yake ni mtu wa namna gani. Ana miaka kumi tu.

Leo asubuhi Anitha amefua kitenge changu cha zamani cha kumfungia Diwani, kimeanikwa kwenye kamba hapa mbele yangu. Na mimi, naona aibu kuliandika hili, mifupa nimeshaiokota. Imo kwenye kiroba, chini ya meza ya jikoni. Sijampa mume wangu, na sijaitupa. Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini, nifanye nini?