Kompyuta ya Gari la Haji Boru

Mwanangu, keti hapa karibu. Mambo mengi ya ujana wangu yameanza kunitoka, lakini iko siku moja naikumbuka kama ilivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa, hapa hapa Isiolo. Watu walikuwa wametoka msikitini na bado wamesimama barabarani wakisalimiana. Mimi nilikuwa gereji, nimeegemea gari nililokuwa nikiliendesha, namngoja fundi. Haji Boru, mwenye gari, akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Hakunisalimu. Akanyoosha mkono.

"Leta funguo," akasema. "Gari yangu umeiua, na kompyuta yake umeiuza."

Watu wote wakatugeukia. Nikampa funguo. Nilitaka kujitetea, lakini aliyeyasema maneno yale alikuwa mtu niliyemheshimu kama baba.

Baba yangu mwenyewe alikuwa amefariki nikiwa kijana mdogo, kule Korbesa. Haji Boru, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, ndiye aliyenileta mjini, akanilaza kwake, akanifundisha kuendesha pamoja na mwanawe Jarso. Mimi na Jarso tulikuwa wa umri mmoja, na watu wasiotujua walidhani tumezaliwa tumbo moja. Nilipoiva, Haji akanikabidhi gari niwe napeleka watu na mizigo Garbatulla na kurudi. Kazi hiyo niliipenda, wala sikuwahi kumwibia hata chupa ya maji.

Lakini gari likashikwa na ugonjwa usioeleweka. Ukiwa njiani injini inazima ghafla, bila moshi, bila mlio. Unangoja ipoe, inawaka, unaenda kidogo, inazima tena. Siku moja ilituzimikia porini, mbali na makazi, na miongoni mwa abiria alikuwako mama anayempeleka mtoto hospitali. Tulikaa juani, yule mama akimpepea mtoto kwa ncha ya shuka lake, mpaka lori likapita na kuwachukua. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, kila nikishika usukani moyo wangu haukutulia.

Mafundi wakabadilisha chujio la mafuta, wakabadilisha pampu, wakabadilisha plagi. Kila mara wakasema limepona, na kila mara likanilaza njiani. Mwishowe mmoja akasema huenda ni kompyuta ya injini, yaani lile sanduku dogo la bati linaloamua mafuta yaingie lini na moto uwake lini. Neno hilo likafika kwenye kibanda cha chai, na pale mtu ambaye hata gari halijui akamwambia Haji kwamba madereva wa siku hizi hutoa kompyuta nzima wakaiuza Nairobi, kisha wakaweka mbovu. Haji akaamini. Hivyo ndivyo nilivyoitwa mwizi.

Gari likaachwa pale gereji wiki kadhaa bila kufunguliwa, lakini habari zangu hazikukaa gereji. Zilifika Garbatulla kabla ya magunia ya sukari. Huko nilikuwa nimeposa msichana anayeitwa Dabo. Wazee wangu walikuwa wamepeleka kahawa ya posa kama desturi yetu Waborana, nayo ikapokelewa vizuri. Sasa baba yake akatuma mtu na neno moja: "Binti yetu hatumpi mwizi."

Nikaamua kuondoka. Nilikuwa na mjomba Moyale, nikasema nitaanza upya huko. Jarso alinikuta nikifunga begi. Akasimama mlangoni, macho chini.

"Enda tu," akaniambia. "Mambo yatapoa."

Nikaona ni rafiki ananihurumia.

Nilikuwa tayari stendi, nimeketi ndani ya basi linalopakia, nilipoitwa kwa jina. Alikuwa Ayyo Qabale, dada mkubwa wa Haji. Ayyo kwetu ni mama, na mjini hapa kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa ametoka Merti, alikokuwa akimuuguza mkazamwana wake, na habari yangu ilikuwa imempokea njiani.

"Unaenda wapi?"

"Moyale, Ayyo."

"Uliiba?"

"Wallahi sikuiba."

"Basi shuka. Ukienda na hii basi, hakuna mtu atafungua ile gari tena. Watasema jibu limepatikana."

Nikashusha begi langu. Tukatembea pamoja mpaka kwa Haji, tukamkuta ameketi na wafanyabiashara wenzake. Ayyo hakungoja kukaribishwa.

"Boru," akamwambia, "ng'ombe wako akilala chini, unamfungua mdomo, unamshika masikio, unaangalia kwato, ndiyo unasema anaumwa nini. Huyu mtoto wa watu ulimwangalia wapi?"

Haji akawatazama wenzake. Kisha akasema, "Gari ifunguliwe. Na ifunguliwe mbele ya watu."

Aliyeitwa ni Mutuma, Mmeru, fundi wa umeme wa magari, mtu asiyeharakishwa na yeyote. Akachomeka mashine yake ya kupima chini ya usukani. Kompyuta haikujibu. Watu wakaanza kunong'ona, naye akainua mkono.

"Bado sijasema ni kompyuta mbovu. Labda haijaletewa umeme."

Akapima betri. Akapima fyuzi. Akafuata waya zinazoleta umeme kwenye lile sanduku, na zile zinazourudisha, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Hapo ndipo akasema, "Sasa ni kompyuta." Akang'oa droo ya dashibodi upande wa abiria, akalitoa sanduku, akamwonyesha Haji skrubu zake. Zilikuwa na kutu, na hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa.

"Tena sikiliza, Haji. Kompyuta na funguo yako zinajuana. Mtu akikuwekea ya gari ingine, injini inakataa kuwaka siku hiyo hiyo. Hii yako haijabadilishwa tangu gari itengenezwe."

Akalifungua. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani juu ya vyuma vidogo, na tope jembamba limekauka pembeni. Mutuma akainama, akafunua zulia la gari. Chini yake lilikuwa tope lile lile.

"Hii gari imekaa ndani ya maji," akasema.

Haji akanigeukia. "Ulivuka laga ikiwa imejaa?"

"Sikuvuka, Haji."

Na papo hapo nikakumbuka. Wakati wa mvua, siku laga, ile mito yetu ya mchanga, zilipojaa, mimi nilikuwa Korbesa kumwona mama. Gari nilimwachia Jarso. Nikamtazama. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, akiangalia chini. Jina lake lilikuwa kinywani mwangu, mwanangu, na nilikuwa na haki ya kulitamka. Sikulitamka. Usidhani ni wema. Nilitaka kuona kama rafiki yangu atanisemea.

Jarso akasogea mbele. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Ni mimi, baba. Maji yaliingia mpaka kitini. Nikaanika zulia, nikaona limekauka. Niliogopa."

Ayyo Qabale akamwambia, "Ulimwogopa baba yako, ukamwacha mwenzako aitwe mwizi."

Jarso akaziba uso kwa mikono, akalia mbele ya wote.

Haji alivua kofia yake. "Nilikuita mwizi mbele ya watu," akaniambia. "Mbele ya watu nasema nilikosea. Nisamehe." Nikampa mikono yote miwili.

Kompyuta nyingine ya namba ile ile ilipopatikana, Mutuma akaifunga, akaifundisha kuitambua funguo, na injini ikawaka. Nikaenda Garbatulla bila gari kuzimika. Baba yake Dabo alitoka kunipokea, akanipa chai, asiweze kuniangalia machoni. "Tulisikia tulichosikia," akasema. Dabo alikuwa ameshaozwa kwa mtu mwingine. Nikanywa chai ile, nikashukuru, nikaondoka.

Jarso aliniomba msamaha, nami nilimsamehe kweli. Tulizikiana wazazi, tukasaidiana kwa mengi. Lakini mazungumzo yetu yakawa ya heshima tu, kama ya wageni, mpaka siku nilipobeba jeneza lake.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usimhukumu mtu kwa maneno ya kibandani. Chunguza kwanza, na uchunguze mapema, kwa maana ukweli ukichelewa unakuta vingine vimekwisha kuvunjika. Ukisingiziwa, kaa mahali ulipo mpaka jambo lifunguliwe. Na kama unajua mwenzako anabeba kosa lako, sema leo, hata kama unaogopa. Hasira ya mzazi hupoa. Mimi niliozeshwa mke mwema baadaye, na watoto nilipata, lakini zile wiki Jarso alizonyamaza nikiitwa mwizi hakuna aliyeweza kunirudishia.

Mungu akupe moyo wa kuuliza kabla ya kulaumu, na ulimi usioogopa kusema kweli. Akulinde na aibu isiyo yako, akuweke kati ya watu watakaokusemea. Amin.