Msimamizi wa Gwaride

Thurman Gaddis hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na uongo mmoja tu, na huo alimwambia mtu mmoja tu, mama yake.

Kila mwaka, Jumatatu ya tatu ya Januari, mji wa Tolliver, Alabama, uliadhimisha Siku ya King, yule mtetezi wa haki za Weusi, kwa gwaride. Zamani yaliitwa maandamano, na waliotembea walipigwa virungu; siku hizi linaitwa gwaride, na wanaotembea hurushiwa peremende. Thurman alitembea nyuma kabisa, nyuma ya bendi ya shule, nyuma ya wachungaji, nyuma ya farasi kumi na wanne wa chama cha wapanda farasi, akisukuma pipa la magurudumu, beleshi mkononi. Farasi hawajui sikukuu. Walichokiacha barabarani, yeye alikizoa. Kisha alibadili nguo, akaenda kwa Mama Ozella kula kunde, mkate wa mahindi na mboga zilizochemka tangu alfajiri. Mama alipouliza gwaride lilikwendaje, alijibu, "Salama, Mama. Nililisimamia mwenyewe."

Baba yake, marehemu Ezra, alikuwa mzoa taka wa mji huohuo. Mwaka 1969 yeye na wenzake waligoma siku sabini, wakatembea kwenye mvua ya baridi wakidai waheshimiwe kama wanaume wengine. Walishinda, nusu. Thurman alikua akiamini kwamba baba aligoma ili mwanawe asije akashika beleshi. Hakuna aliyemwambia hivyo, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Akasoma, akawa karani wa kiwanda cha samani, kiwanda kikafungwa, na watoto hawali vyeti. Manispaa ikamwajiri kufagia. "Nimepata kazi ya usimamizi," alimwambia mama, naye mama akalipeleka neno hilo kanisani Jumapili, likaitikiwa amina. Uongo ukishaitikiwa amina, kuurudisha nyumbani ni kazi.

Mkewe Vernice alijua. "Mimi sitamwambia," alisema. "Lakini siku ukiumbuka, usinitafute."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Thurman ilikuwa imefika miaka ishirini na sita ilipoletwa barua. Karatasi nzito, mhuri wa dhahabu. Mji umeamua kuziheshimu familia za wagomaji wa 1969: mjane wa Ezra Gaddis, mwanawe na mkwewe wataketi juu ya lori lililopambwa, mbele kidogo ya farasi. Wiki hiyohiyo ofisi nyingine ya mji huohuo ikabandika zamu ukutani kwa karatasi nyepesi: Jumatatu, nyuma ya farasi, T. Gaddis. Mkono wa kulia ulimvisha kilemba cha ukoka, wa kushoto ukamkabidhi beleshi.

Kilichomnyima raha kilikuwa viti. Vernice alikwenda kuliona lori, akarudi anacheka.

"Viti vinatazama nyuma," alisema. "Wanataka waalikwa wawaone farasi vizuri."

Yaani Mama Ozella, mwenye miaka themanini na sita, ambaye hajawahi kuliona gwaride kwa sababu ya kupika, angeketi dakika arobaini akiwatazama farasi, na aliye nyuma ya farasi.

Thurman akaenda kwa mkuu wake, Bi Whitlow.

"Jumatatu naomba ruhusa. Nimealikwa kwenye gwaride."

"Na mimi nimekupanga kwenye gwaride. Tatizo liko wapi?"

"Nimealikwa mbele ya farasi. Wewe umenipanga nyuma."

Bi Whitlow alivua miwani. "Thurman, baba yangu na baba yako walilowa mvua moja. Unadhani napenda? Lakini wenzako wote wameomba ruhusa, na wamekuwahi. Si ndiyo sikukuu ya kupumzika? Kila mtu anataka kupumzika."

Kwa mama alikwenda na maneno mengine. "Mama, sitaweza kupanda. Nina majukumu."

"Msimamizi hawezi kukaa na mama yake dakika arobaini?"

"Msimamizi ndiye hasa asiyeweza."

"Haya," alisema mama, akaendelea kuchambua kunde. "Watakuwekea kiti hata hivyo."

Siku ilipofika, Thurman alishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapandisha skafu mpaka puani. Baridi ilimpa kisingizio. Aliinama kuliko kazi ilivyotaka, na kila farasi alipojisaidia alishukuru, maana aliye na kazi ya kuinamia haonekani uso. Kati ya miguu ya farasi aliiona kofia ya kanisani ya mama yake, ya zambarau, haigeuki kulia wala kushoto.

Mbele ya jukwaa la meya lori likasimama.

"Bi Ozella Gaddis, mjane wa mgomaji," mtangazaji alisema, na makofi yakapigwa. "Mkwewe, Bi Vernice. Na mwanawe, Bwana Thurman Gaddis." Makofi yalianza, yakafika kwenye kiti kitupu, yakafa. "Bwana Gaddis ametukimbia?" mtangazaji akatania, akamsogezea mama kipaza sauti.

Mama Ozella akasimama, akanyoosha mkono wenye glavu nyeupe. "Yule pale. Mwenye beleshi."

Mji mzima ukageuka. Thurman alitamani ardhi ipasuke immeze. Beleshi lilikuwa limejaa, na hakujua kama ni adabu kulimwaga mbele ya watu.

"Panda basi, Thurman," Bi Whitlow aliita kutoka jukwaani, na koti lake jipya. "Panda, unatuchelewesha."

"Na haya?" Thurman akauliza, akionyesha chini.

Jukwaani palikuwa na meya, madiwani wanne na wachungaji watatu waliokwisha kuhubiri asubuhi ile juu ya kuwatumikia wengine. Hakuna aliyeshuka. Meya alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi.

"Malizia kazi yako," Mama Ozella alisema kwenye kipaza sauti. "Tunakusubiri. Dereva, usiondoe gari."

Gwaride likasimama. Bendi ikanyamaza. Watu wa Tolliver wakamtazama mtu akizoa mavi, jambo lililofanyika mbele yao miaka ishirini na sita bila kuonwa. Beleshi lilikwaruza lami, pipa likalia, beleshi likakwaruza tena. Mtu mmoja alianza kupiga makofi. Mama Ozella alimtazama mpaka akaacha.

Thurman akapanda, akaketi.

"Mama, nisamehe. Nilikwambia..."

"Najua ulichoniambia. Miaka ishirini na sita unakuja mezani kwangu unanuka farasi. Ulidhani pua yangu imestaafu?"

Vernice akageuza uso ili asicheke.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyeona aibu, si mimi. Nikasema acha, atachoka." Akamfuta tope shavuni kwa glavu nyeupe, na glavu ikaharibika. "Baba yako hakuligomea beleshi, Thurman. Aligomea kukosa siku moja ya kukaa na sisi. Na wewe leo umepewa siku yenyewe, na kiti kando yangu, ukaenda kujificha nyuma ya farasi."

Thurman alilia pale pale, juu ya lori, mbele ya meya, na mtangazaji kwa uungwana wake akawaambia watu kwamba ni furaha. Lori likaondoka, bendi ikaanza upya, na farasi wakafuata wakifanya yao. Nyuma ya farasi hapakuwa na mtu. Mavi yalikaa barabarani mpaka Jumanne.