Mayai ya Mkwe Wangu

Nimesoma mpaka darasa la pili, tena lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya ng'ombe wa baba. Kwa hiyo ukiona nazungukazunguka, nivumilie. Naandika nikiwa na hasira. Hasira ya mayai.

Mwanangu alipofariki aliniachia mkewe, mkwe wangu, na wajukuu hapa Nyarero. Mkwe anaishi na virusi vya UKIMWI, hilo kwetu halifichwi, na ana dawa zake za kila siku. Lakini zile dawa hazikumtaka na tumbo tupu. Akimeza hajala, dunia inamzunguka, anashika mlango. Siku moja alianguka na ndoo ya maji kichwani. Baada ya hapo akawa anaziruka: leo anameza, kesho anaacha. Nikaogopa. Kuzika nimeshazika.

Wakaja watu wa lishe pale zahanati. Wakampa unga wa uji wenye soya na karanga, na kuku wa mayai. Kuku wazuri, si kama wale aliouziwa jirani yangu kule Sirari, wakamaliza debe la mahindi bila kutaga hata kwa bahati mbaya. Basi tuwaache hao. Wetu walitaga. Nesi akamwambia mkwe: kila siku kula yai na uji, ndipo umeze dawa.

Miezi ikapita, mkwe anazidi kukonda. Gauni linaning'inia kama limeanikwa. Nikachukua fimbo yangu mpaka zahanati.

"Kuku wenu hawana kazi!" nilimfokea nesi mbele ya watu. "Mtoto wangu anakwisha!"

"Shikamoo, mzee."

"Sitaki shikamoo!"

Akaniacha nimalize. Ni binti mdogo, sawa na mjukuu wangu. Kisha akauliza taratibu, "Mzee, hao kuku wanataga?"

"Wanataga sana."

"Mayai anakula nani?"

Nikalikumbuka bakuli langu.

Maana kila asubuhi mkwe alikuwa anapiga goti mlangoni kwangu, uso ameugeuzia pembeni, anasogeza uji wa ule unga na bakuli la mayai mawili ya kuchemsha. Nami nakula, nalamba na vidole. Nilidhani ya kwake yako jikoni. Ningejuaje? Kwetu Wakurya baba mkwe hamtazami mkwe wake akila. Na tangu zamani kuku na mayai ni vya wanaume. Mwanamke akila yai, walisema, atazaa mtoto asiye na nywele. Wazee wetu walijua kutunga uongo wa kulinda matumbo yao.

Nilirudi nachemka. Niliwakasirikia wale wa lishe: unaletaje kuku Ukuryani bila kuuliza kwanza nani anakula kuku? Niliwakasirikia wazee, ambao wengi wamekwisha kufa na hawanisikii. Halafu nikafika kwangu mwenyewe. Chakula cha kumezea dawa ya mtoto wangu nimekitafuna mimi, kwa meno yangu haya manne yaliyobaki.

Kesho yake mdogo wangu wa kiume alikuwepo. Huyo yai likichemka ng'ambo ya mto analisikia. Bakuli likaja. Nikamwambia mkwe, "Mama, usiondoke. Kaa ule."

Mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, umeolewa? Siku hizi unawapakulia wanawake?"

"Nyamaza, kicheche mwizi wa kuku wewe! Toka na tumbo lako!"

Akatoka akitukana kwa Kikurya, maneno ambayo siyaandiki. Mkwe alibaki kwenye magoti, machozi yanamtoka. "Baba, nitakulaje mbele yako? Watu watasema sina adabu."

Na kweli wangesema. Basi nikageuza kigoda changu nikautazama ukuta.

"Sioni kitu," nikamwambia. "Kula."

Nilikuwa karibu kufoka tena, ndipo nikasikia yai linagongwa kwenye ukingo wa bakuli, ganda linabanduliwa kidogo kidogo, kama mtu anayeiba.

Mpaka leo ndivyo tunavyoamka. Mimi na ukuta, yeye na mayai yake. Nyufa za ule ukuta nazijua zote sasa.

"Dawa je?" nauliza bila kugeuka.

"Nimemeza, baba."

Ndipo nageuka, nakuta bakuli lina maganda tu, na ile hasira inanirudia upya, kwa yale niliyokula mimi.