Edomu Iliposomwa Sebuleni Kwangu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenye nyumba. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi. Mwanangu wa tatu na mkewe, na binti yao, mjukuu wangu anayefundisha shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa. Upande wa wageni, kutoka Chekereni, kule chini tambarare: kijana mwenyewe, mama yake ambaye ni mjane kama mimi, na mjomba wake. Majina yote ninayo kichwani, hata ya ubatizo, ila siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Walifika Jumapili baada ya misa ya pili, kwa pikapu ya kukodi iliyojaa tope mpaka kwenye vioo. Njia yetu ya Kibosho wanaijua wanaoipanda. Walileta gunia la mchele na ndoo za mbege, pombe yetu ya ndizi. Wakaamkia vizuri, shikamoo kwa kila anayestahili, na shemeji akaitikia marahaba ile ya puani.

Niseme kwanza nilichokuwa nakihofia. Kwetu, aliyeleta mbege ya posa anaionja mbele ya watu, kisha anamkabidhi kata ya kunywea mkubwa wa ukoo wa binti. Akipokea, mazungumzo yameanza. Asipopokea, wageni wanabeba ndoo zao wanaondoka, na habari imekwisha. Mwanangu hana sauti mbele ya baba yake mdogo. Na shemeji alikuwa ameshanifuata jikoni asubuhi ile.

"Shemeji," akasema, "binti aliyesoma hashuki chini kwenda kukanyaga matope ya mpunga. Sisi huku ni taifa. Wale wameokotana tu huko kwenye majaruba."

Neno lake hilo, taifa. Tulitangulia shule, tulitangulia kahawa, tulitangulia kupata padre. Wengine makabila, sisi taifa. Nikamwambia asiwaaibishe watu nyumbani kwangu.

"Mimi sitawaaibisha. Maandiko ndiyo yatakayosema."

Alikuwa katekista miaka mingi, Maandiko anayo. Lakini siku hizi macho yake hayashiki herufi ndogo, anachokijua anakijua kwa kukumbuka.

Basi wageni walipoketi akasema tuanze na neno la Mungu. Akamwita mjukuu wangu, akampa Biblia yake, akamtajia mahali, kwa wale manabii wadogo. "Soma, sauti ijae. Ni habari za Edomu, wana wa Esau."

Nikaelewa. Esau ndiye aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya chakula, na hawa wamekuja na gunia la mchele. Nadhani mjomba wa kijana naye alielewa, maana aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Mjukuu wangu akasoma. Na nabii hakuwa anasema na watu wa tambarare hata kidogo. Alikuwa anasema na taifa linalokaa mlimani, nyumba zao kwenye majabali, watu waliojiona wako juu sana hata wakaulizana ni nani atakayewashusha chini. Kiburi cha mioyo yao kimewadanganya. Hata wakijenga kiota kati ya nyota, Mungu mwenyewe atawashusha.

Dirishani kulikuwa na migomba, na juu ya migomba mlima ulikuwa wazi, theluji yote nje. Hakuna aliyegeuka kuutazama, na wote tuliuona.

"Inatosha," akasema shemeji.

"Babu, sijamaliza."

"Nimesema inatosha. Amina."

Mama wa kijana akakohoa kidogo. "Baba, samahani. Mimi sikusoma sana, naomba kuuliza. Adhabu yao hao ni kushushwa chini?"

"Ndiyo maana yake."

"Chini, kama kwetu?"

Shemeji akavuta fimbo yake karibu.

"Basi Mungu akiwakasirikia ninyi," akasema polepole, "anawaleta kwetu."

Mke wa mwanangu akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Shemeji akasimama na fimbo yake. "Mwanamke, unanichezea nyumbani kwa kaka yangu?"

"Sichezi, baba. Nauliza ili tujue tutawapokeaje."

Yesu na Maria, nikasema moyoni, imekwisha. Shemeji alikuwa ameshatugeuzia mgongo kuelekea mlangoni, na kata bado imelala juu ya ndoo. Mjukuu wangu alinitazama. Kwa desturi mimi sina neno katika mambo ya posa, lakini nyumba ni yangu.

"Soma," nikamwambia. "Neno la Mungu halikatwi katikati."

Akasoma. Kosa la taifa lile likatajwa: Yakobo alikuwa ndugu yao, wa tumbo moja, na siku ndugu yao alipopatwa na maafa walisimama kando wakatazama, wakafurahi.

Hapo ndipo upande wetu wote tulipoinamisha vichwa. Maana mwaka wa mafuriko, masika yalipozidi, maji yakatoka huku juu yakaenda kuwafagia watu wa chini, shemeji alisimama sokoni akasema: "Mlima unanawa miguu." Watu walicheka sana. Mzaha ule ulizunguka Kibosho nzima.

Shemeji akauliza bila kugeuka: "Siku ya mafuriko mlipoteza nini?"

"Nyumba," akasema mama wa kijana. "Na mama mkwe wangu. Tulimkuta kwenye mfereji."

"Mimi siku zile nilisema..."

"Mlima unanawa miguu. Tulisikia, baba. Maneno yenu yalifika kabla matope hayajakauka."

"Na bado mmekuja kuposa?"

"Kijana ndiye anayependa. Mimi nilikataa mpaka nikachoka. Nilimwambia, huko juu hawatuozi sisi wa chini, wanaozana wenyewe kwa wenyewe."

Shemeji akageuka. Alimtazama yule mama, kisha akarudi akaketi, fimbo kati ya magoti. Hakuomba radhi, nisimsingizie. Alinyoosha tu kidevu kuelekea kwenye ndoo.

Mjomba wa kijana akachota, akaonja, akamnyooshea kata kwa mikono miwili. Ikabaki hewani. Mjukuu wangu alikuwa ameifumba Biblia akaibana kifuani, na kijana wake hakuthubutu hata kumwangalia. Kisha shemeji akapokea. Akanywa, akafuta mdomo.

"Imechachuka," akasema.

"Ndizi ni za Kibosho," akajibu mama wa kijana. "Tulikuja kuzinunua hapa hapa kwenu."

Shemeji hakucheka. Alikunywa tena.

Walifunga ndoa, na mjukuu wangu anafundisha huko huko chini. Siku hizi kwenye jumuiya yetu ya kanisa shemeji anasimulia kwamba somo lile alilichagua kwa makusudi, ili atunyenyekeze sisi wa mlimani. Mimi nilikuwepo, na nimeandika nilivyoona. Ila ni mzee: sina hakika kama yule mama alisema Mungu akiwakasirikia au akiwachoka, wala kama shemeji aliuliza habari za mafuriko akiwa amesimama au ameshaketi. Aliyekuwepo akiona nimepotosha, aje anisahihishe, na shemeji awe wa kwanza.