Alistidia aliyejifunza kuiacha boti idondoshe maji

Saa mbili asubuhi, Alistidia Kamala amelala kifudifudi ndani ya boti, miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Mkono wa kulia umeingia chini ya injini hadi kwenye kiwiko. Ameshika spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha kama ndoana, anavuta polepole. Kinatoka kipande cha uzi mnene, cheusi, kimeungua kama mkaa.

"Cha tatu," anasema. "Kimebaki kimoja. Nikikiacha humo, kazi yote bure."

Boti hiyo ya tanga moja na injini ndogo ya dizeli inaitwa Asiimwe. Tangu Aprili imekaa juu ya magogo kwenye mwalo mmoja wa wavuvi wa Ziwa Victoria, wilayani Muleba. Anachobadilisha Alistidia, mwenye umri wa miaka 54, ni paking: uzi wenye grisi unaobana shafti pale inapotoka nje ya boti kwenda kuzungusha propela. Usipokuwepo, ziwa linaingia ndani.

Hatua chache kutoka hapo, mume wake, Rugaibula, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Kwa miaka ishirini kazi hii ilikuwa yake, na Alistidia ndiye aliyekuwa akimpa spana. Miaka miwili iliyopita Rugaibula alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno sasa yanatoka moja moja.

Leo ndiyo siku ya mwisho waliyopeana. Jioni mnunuzi wa Bukoba anasubiri simu. Paking ikikaa vizuri, boti inabaki. Shafti ikichemka kama Aprili, inauzwa.

Aliyetaka iuzwe ni Rugaibula.

"Si kwamba haipendi," anasema Alistidia akijifuta grisi kwenye kanga ya zamani. "Ananiogopea mimi."

Aprili Alistidia alikuwa akivusha abiria kumi na mmoja waliokwenda harusini kisiwani. Paking ilikuwa ikidondosha maji, kama inavyotakiwa, lakini mama mmoja aliyevaa gauni jipya akalalamika kwamba miguu inalowa. Alistidia akaona haya. Mgeni wako umkalishe penye maji?

"Nikachukua spana, nikakaza hadi tone la mwisho likakauka. Wote wakanishukuru. Nikajisikia fundi kweli!"

Nusu saa baadaye moshi ukapanda. Shafti inapozunguka hupozwa na maji yaleyale yanayopenya kidogo kidogo, naye alikuwa ameyafunga. Injini ikazima. Upepo ulikuwa umelala, tanga likaning'inia tu. Walielea saa tatu hadi wavuvi walipowavuta.

"Alijua kwamba lazima idondoshe," anasema Violeth, rafiki yake anayenunua ndizi Kamachumu na kuzipeleka visiwani kwa boti hiyo. "Ila kwa aibu ya wageni, huyu angeziba hata ziwa."

"Nyamaza wewe. Nawe ulikuwemo, ukapiga makofi."

"Nilipiga, waitu, ndugu yangu. Nilikuwa mkavu."

Fundi kutoka mjini alitaka shilingi laki moja na ishirini pamoja na nauli. Alistidia akaamua kufanya mwenyewe. Alikwenda Bukoba, kwenye duka la vipuri la mzee Umang, akiwa na kipande cha ugwe wa mgomba alichopimia nafasi iliyo kati ya shafti na kikombe cha chuma kinachoishika paking.

"Mama, watu wote wanakuja na namba, wewe unakuja na mgomba?" Umang alimtania. Kisha akapima ugwe ule kwa rula yake, akamkatia uzi unaolingana nao.

Sasa anauzungusha uzi huo kwenye bomba lenye unene sawa na shafti, anaukata kwa wembe, mshazari, mara nne, apate pete nne. Pete ya kwanza inaingia. Ya pili anaigeuza ili maungio yasikutane, maji yasipate njia iliyonyooka. Zote nne zikishaingia, nati inayozibana anaikaza kwa vidole tu. Anapoinyanyua spana, Rugaibula anakohoa.

"Nimesikia, tata," anamjibu bila kugeuka, akimwita baba kwa Kihaya, na kuiweka chini.

Saa sita wavuvi wanaisukuma boti majini. Wawili wanamshika Rugaibula na kumkalisha karibu na injini. Hakuna aliyemwomba apande. "Amejipandisha mwenyewe kwa macho," anacheka mke wake.

Injini inawaka. Wanakwenda hadi kwenye mawe ya mbali na kurudi. Rugaibula ameweka kiganja cha kushoto juu ya kikombe cha chuma, hakiondoi. Alistidia anashika usukani, lakini anatazama kile kiganja. Maji yanadondoka. Violeth, aliyepanda nao, anayahesabu kwa saa ya simu: matone kumi kwa dakika.

"Shoga, inavuja!" anampigia kelele makusudi.

"Iache ivuje!"

Wanapokaribia ufukwe, Rugaibula bado hajaondoa mkono. Alistidia anazima injini.

"Ni moto?"

Mume wake anatikisa kichwa. "Ba... ridi."

Kisha anaomba simu. Alistidia anambonyezea namba ya mnunuzi na kuishika sikioni mwake. Upande wa pili mtu anaongea haraka, anataja bei. Rugaibula anamwacha amalize, anakusanya nguvu.

"Boti," anasema, "ina... mwenyewe."

Alistidia anageukia ziwani na kujishughulisha na kamba ya tanga ambayo tayari imefungwa.

Jumamosi Asiimwe itarudi kazini na ndizi za Violeth. Alistidia anataka mume wake awe ndani, aketi palepale karibu na shafti.

"Miaka miwili hajafika kisiwani," anasema. "Watu wa kule wananipigia kila mara, wananiuliza kama bado yupo. Nimechoka kuwajibu kwa simu. Waje wenyewe ufukweni wamsalimie."