Maiti Aliyebaki Bugarama

Picha ya kutisha isiporudishwa mkanda wake, maiti anabaki kijijini. Hivyo ndivyo Opereta Mkuu alivyoniambia siku yangu ya kwanza kazini kwenye gari la sinema, Ngara, cheti changu cha shule ya jioni kikiwa bado kinanuka wino. "Usiwashe gari kabla hujamrudisha," alisema, uso mkavu. Niliamini kuliko nilivyowahi kuamini hesabu za kugawanya.

Vijana mnaobeba sinema mfukoni, ngoja niwaeleze. Yetu ilitembea kwa gari. Mkanda ulizungushwa kwenye rili, gurudumu la bati pana kama ungo. Picha ikiisha, mkanda wote umehamia rili ya pili, mwisho ukiwa juu. Sharti uuzungushe kuurudisha. Tulitundika shuka jeupe, tukawasha jenereta iliyosikika hadi katikati ya Burundi, tukaanza na picha ya kilimo bora cha kahawa. Baada ya hapo tuliwapa watu walichofuata: woga.

Na woga una historia yake. Picha kongwe sandukuni kwetu hazikuwa na sauti. Zilitisha kwa kivuli tu, kikipanda ukutani polepole. Zilizofuata zilikuja na vinanda, nami nikagundua kwamba mtu huogopa kwa masikio. Zima spika, na kijiji kitamcheka maiti yule yule kilichokuwa kinamkimbia. Za mwisho zilimwaga damu ndoo kwa ndoo, lakini hazikutisha sana. Wafugaji damu wameizoea.

Basi, Bugarama, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nilionyesha picha ya Mzungu mrefu anayetoka jenezani na kuvuka mashamba. Ilipoisha tu, mvua ikashuka kama mto uliosimamishwa wima. Tukafungasha bila kurudisha mkanda. Mimi, kwa uaminifu wangu, nikatangaza: "Ndugu zangu, maiti amebaki, ila msihofu. Ijumaa nitakuja kumchukua!"

Siku ya tatu Afisa Utamaduni wa wilaya akaniita.

"Wewe ndiye uliyewaachia watu maiti?"

"Ndiyo, mzee. Mvua ilitukatisha."

"Wanafunga mikeka, wanarudi kwenye mahame yao, kule walikohamishwa. Sasa sikiliza: kijiji kikihama, na wewe umehama kazini."

Jioni hiyo hiyo nilifika Bugarama. Wa kwanza kunipokea alikuwa Mama Anastazia, mzigo kichwani, kuku kwapani.

"Bwana Sinema, umemfuata mgeni wako? Tangu juzi hata chooni tunakwenda watatu watatu!"

"Nitamrudisha sasa hivi, mama."

"Umrudishe tukiona. Usije ukatuambia tu."

Kuuzungusha mkanda kwa mkono kusingemridhisha. Nikakumbuka swichi ya projekta iliyoendesha picha kinyumenyume. Nikaibonyeza. Mzungu akavuka mashamba kwa kisogo, akapanda jenezani miguu mbele, kifuniko kikajifunga, misumari ikaruka toka chini na kujipigilia yenyewe. Vigelegele vikalipuka. Mama Anastazia akatua mzigo wake.

"Sasa nenda naye," alisema. "Lakini kwanza mrudishe tena, shangazi yangu amechelewa kufika."

Kijiji hakikuhama, wala mimi.

Vita vya mpakani vilinikuta nimehamishiwa Biharamulo. Bosi wa huko alikataza picha za kutisha: watu walikuwa wametoka kwenye mizinga. Lakini kijijini Nemba, watu waliokimbia vita kutoka kaskazini na kupokelewa na ndugu zao walikuja wenyewe kuiomba ile ya maiti, kinyumenyume. Nikaenda kumwomba bosi ruhusa. "Kinyumenyume tu," akasema. Waliitazama wakiwa wameshikana mikono. Sijawahi kuonyesha picha iliyopendwa kama hiyo, na nimeonyesha nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo.

Nimestaafu nimeridhika. Niliwatisha watu wengi, na wote walirudi nyumbani wakicheka. Kwenye sherehe ya kuniaga nilikaa na Opereta Mkuu wangu wa zamani, mvi tupu, tukinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba maisha yangu yote ya kazi niliacha maiti mara moja tu, tena kwa siku tatu.

Akatua kikombe chake, uso mkavu kama siku ile ya kwanza.

"Mkanda unarudishwa," alisema, "ili kesho picha ianze mwanzo. Basi."