Mfagiaji wa Uyoga na jua la Bi Consolación

Saa moja asubuhi, Eulogio Bernal anafagia njia ya juu ya lile paa kubwa la mbao ambalo Seville nzima huliita Uyoga. Amevaa koti la kijani la kazi. Chini yake, zaidi ya mita ishirini, watu wanapanga foleni ya kahawa.

Wageni wa kwanza wakipanda, mmoja anamshika bega, anamwonyesha minara ya makanisa na kumwambia ana bahati kufanya kazi mahali pazuri hivi. Eulogio anashukuru, kisha anageuza uso.

"Aibu inanila," anasema. "Kila anayenisifu ni kama ananizaba kibao."

Ana miaka hamsini na minane, amezaliwa hatua mia mbili kutoka hapa. Ujenzi ulipoanza, yeye ndiye aliyewatoa majirani kwenye roshani kugonga masufuria kupinga. Hakuna aliyekuwa na sauti kama yake. Siku moja, mlangoni mwa kanisa, akaapa mbele ya mtaa mzima: "Nikitia mguu kwenye lidude hili, Bikira wetu asinionyeshe uso wake!"

Aliyeapa naye, mkono kwa mkono, ni jirani yake Bi Consolación Pineda, mshonaji wa majoho ya maandamano ya Wiki Takatifu. Leo ana miaka sabini na minne. Yeye alishika kiapo hata kupita kiasi: hapiti wala kwenye kivuli cha Uyoga. Julai, joto nyuzi arobaini na mbili, anazunguka mitaa mitatu juani kufuata mkate, na kivuli kile kipo mbele ya mlango wake, bure kabisa.

Eulogio alikivunja kiapo chake. Kiwanda cha vigae kilichomlisha kilifungwa, akakaa miezi kumi na minne bila kazi. Ikatokea nafasi ya kufagia huku juu, euro 1,180 kwa mwezi. Alikubali siku ileile. Majirani akawaambia amepata kazi ghalani, ng'ambo ya mto, na kwa miaka sita akawa anaingilia mlango wa nyuma.

"Kufagia si aibu. Aibu ni hii: nilimwona mama wa watu anarudi na mkate wake, uso umemwiva kwa jua, na mimi niko juu na chupa ya maji baridi. Ningeshuka nikamwambia, 'Mama, pita kivulini.' Sikushuka. Mwanamume mzima!"

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia Wiki Takatifu ya mwaka huu, alasiri, sanamu ya Bikira wa mtaa wao ilipopitishwa chini ya Uyoga mabegani mwa wanaume. Msimamizi alikuwa amempa Eulogio kapu la petali za waridi azimwage kutoka juu.

Sasa, Seville Bikira hapiti hivihivi. Anaitwa mrembo, kwa sauti, kama bibi harusi. Eulogio amemwita hivyo tangu ana miaka saba, na mazoea yana taabu. Bendi iliponyamaza alimwaga petali, akajisahau: "Mreeembo! Mrembo wetu wewe!"

Uwanja mzima ukatazama juu.

"Ala! Si Eulogio yule?"

"Ndiye! Kumbe ng'ambo ya mto ni huko mbinguni!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Consolación, aliyekuwa nyuma ya sanamu na mshumaa wake, hakucheka.

"Nikainama walau nimwone Bikira," Eulogio anasema. "Kutoka juu unaona nini? Paa la kitambaa linalomfunika, basi, na petali zangu juu yake. Uso sikuuona. Kiapo changu kilinipata palepale."

Kesho yake alibisha kwa Bi Consolación. Mama huyo hakuinua macho kwenye sindano.

"Miaka mingapi?"

"Sita, mama."

"Sita! Mimi nazunguka juani nisije nikamsaliti Eulogio, kumbe Eulogio yuko juu ananihesabia hatua!"

"Nisamehe, mama."

"Ungeniambia una njaa, ningekusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni pao. Kula ni lazima. Lakini uliniacha niungue, mwanangu."

Mtaani wanamtania Eulogio, na hilo, anasema, ni haki yao. Bi Consolación hajabadili njia. Amesema kiapo chake hakikuwa kwa Eulogio peke yake, kilikuwa kwa Bikira pia.

Kwa hiyo Eulogio ameomba zamu ya mchana kuanzia Julai. Anataka kila asubuhi, kabla ya kazi, aende naye kufuata mkate kwa njia ileile ndefu, juani, ambebee kapu.

Bi Consolación amekubali?

"Hajasema ndiyo," Eulogio anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kufagia. "Alimaliza pindo, akakata uzi. Halafu akaniuliza, 'Kofia unayo?'"